Udongo Aliouanika Mama

Kazi yangu ni kusoma matope. Nikilisema hilo kwenye sherehe watu hucheka wakidhani natania, nami huwaacha wacheke kwa sababu kueleza kunachosha. Lakini ndivyo ilivyo. Mto ukifurika huacha tope. Mto ukikatika, upepo huleta vumbi, na vumbi hutua juu ya tope lile lile. Matabaka yanapandana mwaka baada ya mwaka, na mtu akichimba shimo na kutazama kuta zake anaweza kujua ni zama zipi nchi ilikuwa na maji na ni zama zipi ilikauka. Vitabuni tunayaita mashapo. Mama aliyaita uchafu wa mto, na ndani ya uchafu huo alilima mpunga karibu maisha yake yote, ukitoa miaka aliyokaa mjini kwa baba.

Baba alikuwa mtu wa Mtendeni, Tabora mjini, mshonaji wa kanzu, wa ukoo uliokuja na misafara zamani kisha ukaona umetembea vya kutosha. Mama alikuwa binti wa wakulima wa kijiji kimoja upande wa Igunga, Mnyamwezi wa jembe na mpunga. Alipoolewa alisilimu, akajifunza mapishi ya mjini, akatuzaa kaka yangu na mimi. Lakini kila mwaka mvua zilipokaribia alikosa raha nyumbani, mpaka apande basi akaangalie majaruba ya baba yake, yale mashamba madogo ya mpunga yaliyozungushiwa matuta ili maji ya mafuriko yaingie na kutulia. Baba alipofariki, mama alikaa eda yake kimya hadi ikaisha, na wiki ile ile akafunga mizigo. Alisema mjini alikaa kwa ajili ya mume, na mume ameondoka.

Alilima vizuri kwa miaka kadhaa. Halafu mto ukaacha kuja. Haukuacha kwa kishindo. Kwanza ulichelewa, mwaka uliofuata ukafika nusu tu ya majaruba, kisha ukaja mwaka ambao mama alisimama juu ya tuta na jembe begani akingoja maji ambayo hayakufika kabisa. Mvua ilikuwepo, ila ilinyesha kwa hasira siku mbili tatu ikaondoka, na mto wetu ukawa mchanga mtupu, ng'ombe wanaupita kama barabara. Kiangazi upepo uliinua vumbi kutoka mbugani, vumbi jeupe, laini kama unga wa muhogo. Liliingia kwenye maji ya kunywa, likaingia kwenye mashuka, likaingia kifuani mwa mama. Majirani wakaanza kuhama. Walipakia vyungu na mabati kwenye malori, wakaelekea upande wa Mpanda ambako walisikia kuna nyasi. Mama akabaki, pamoja na nyumba chache za watu wazima ambao watoto wao walikuwa wakiwapigia simu kila siku kuwaambia wasibaki.

Kaka yangu alikuwa mmoja wa watoto hao. Anauza vipuri vya baiskeli pale pale Mtendeni, katika nyumba ya baba, na alitaka mama arudi mjini. Alitaka kwa mapenzi na kwa kelele, kama anavyotaka kila kitu. Siku moja ya Idd, mama alipokuwa amekuja kutuona, tulikaa uani baada ya chakula, kaka akaanza.

"Mama, pale unasubiri nini? Mto umekufa."

"Umeuzika wewe?"

"Naona kwa macho yangu."

"Macho yako yanaona minyororo ya baiskeli." Kisha akanionyesha mimi kwa kidevu. "Huyu si ndiye tuliyemsomesha kusoma udongo? Miaka yote anasoma udongo wa watu wengine. Aje asome wa kwangu. Udongo ukisema mto unarudi karibuni, nakaa. Ukisema haurudi, nafunga mizigo mwenyewe, wala hamtanisikia nikilalamika."

Kaka alinitazama kwa furaha, akiona ameshapata shahidi wa upande wake. Nami nilifurahi, sitaficha. Mama hakuwahi kuuliza chochote kuhusu kazi yangu zaidi ya kama wanatupa chakula. Leo alikuwa ameweka makazi yake mikononi mwangu, mbele ya watu, na mimi niliona ni heshima. Sikuona uzito wake mpaka usiku ule nilipojaribu kulala.

Kazini nilikuwa na ruhusa ya kupima mashapo ya mito inayoingia bonde la Wembere, na mto wa mama ni mmojawapo. Kwa hiyo kiangazi kilichofuata nilikwenda, pamoja na mwenzangu wa kazini, mwanamume wa makamo, Mzaramo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, wakati wazee wetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo na kuwakuta wazee wao njiani. Mtani anaruhusiwa kukusema anavyotaka na hata kukukamatia kuku, nawe huruhusiwi kununa. Gari liliposimama tu mbele ya nyumba, mwenzangu alishuka akapiga ukelele.

"Mtani! Tumekuja na gari. Nilijua ukisikia kuna mzigo utataka kujitwika kichwani uende nao mpaka Bagamoyo."

"Mzaramo kashika sururu!" mama akajibu. "Leo mto utarudi wenyewe, uje kushangaa."

Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba huku bado anamcheka mwenzangu. Alikuwa amepungua. Kila alipocheka alimalizia kwa kukohoa, na akikohoa alifunika mdomo kwa ncha ya kanga kisha akaikunja haraka.

Tulichimba kando ya mto, pale majaruba ya mama yanapoanzia. Vibarua walichimba, sisi tukalainisha ukuta mmoja kwa mwiko wa ujenzi mpaka matabaka yakajitokeza. Mama alileta ndoo, akaipindua, akakaa juu yake ukingoni kabisa mwa shimo, siku nzima, kama mtu aliyekuja hospitali na mgonjwa wake. Juu kulikuwa na vumbi la miaka hii, jembamba. Chini yake likaja tope jeusi lenye mizizi ya mpunga, nene, la mafuriko ya enzi za babu yangu na za baba yake babu. Na chini ya tope hilo kulikuwa na kitu kingine. Tabaka lililopauka, laini, halina mizizi, halina konokono, halina chochote. Unene wake ulikuwa sawa na urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Nilichukua kidogo nikalisaga kwa meno ya mbele, ndivyo tunavyofanya. Tope la mto lililotulia huteleza kwenye meno. Vumbi la upepo hukwaruza.

"Unakula nini?" mama akauliza.

"Vumbi, mama. La zamani."

"La sasa lipo tele, la bure. Hukuwa na haja ya kuchimba."

Nikamwonyesha. Nilimwambia hapa chini kabisa, kwenye tope jingine jeusi lenye makombe ya konokono wa majini, mto ulikuwepo. Hapa ukaondoka, upepo ukaleta vumbi. Hapa ukarudi, na ndiyo matope mliyolima ninyi. Mama alishuka kutoka kwenye ndoo, akapiga magoti, akaingiza mkono shimoni akaligusa lile tabaka lililopauka kwa kiganja chote.

"Kwa hiyo umewahi kuondoka ukarudi."

"Ndiyo."

"Ulikaa huko muda gani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake lote, na sikuwa na jibu. Unene peke yake hausemi. Vumbi la mkono mzima linaweza kulundikwa na miaka michache ya upepo mbaya, na linaweza kulundikwa polepole na karne. Kama ilikuwa miaka michache, mama angeweza kusubiri. Kama ilikuwa vizazi, alikuwa anasubiri kitu cha vitukuu wa watu. Nilimweleza hivyo hivyo, kwa sababu mama hakupenda kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Namna ya kujua ipo. Chembe ya mchanga ikifukiwa gizani huanza kujiwekea ndani yake alama ya muda, kidogo kidogo, kutokana na ardhi inayoizunguka. Maabara inaweza kuipima alama hiyo na kusema chembe imekaa gizani kwa muda gani. Lakini ikiona jua, hata kidogo, alama yote inafutika na hesabu inaanza upya. Kwa hiyo tunapigilia bomba la chuma kwenye ukuta wa shimo, tunalichomoa chini ya kitambaa cheusi, tunaziba midomo yake na kulifunga kwa nailoni nyeusi. Tulichukua mabomba ya chini ya lile vumbi, yaseme mto uliondoka lini, na ya juu yake, yaseme ulirudi lini. Mwenzangu alikuwa akipiga kelele muda wote.

"Funika, funika! Jua likiuona huu udongo umesahau kila kitu, na sisi tunarudi mikono mitupu!" Kisha akamgeukia mama. "Mtani, udongo huu ni kama wewe. Ukitoka nje tu unasahau ulichotumwa."

Mama akacheka. Ndiye aliyetushikia upande mmoja wa kitambaa.

Jioni tulifukia shimo ili ng'ombe wasitumbukie, tukayaweka mabomba chini ya kitanda cha mama, mahali penye giza na ubaridi kuliko pengine pote. Asubuhi yake tulikwenda Igunga mjini kuaga ofisini na kujaza mafuta, maana siku iliyofuata gari lilitakiwa mkoa mwingine. Hatukuchelewa. Tulirudi jua likiwa kali, la saa za mchana, na nilipoingia uani nilimwona mama ameketi kivulini na fimbo mkononi, anafukuza kuku.

Mbele yake alikuwa ametandika mkeka wake mkubwa. Juu ya mkeka ulikuwa udongo wangu. Alikuwa amekata nailoni kwa kisu, akazibua mabomba, akayagongagonga mpaka yakatoa kila kitu, akavunjavunja mabonge kwa vidole na kuusambaza udongo sawasawa ukauke, kila bomba fungu lake. Mabomba yenyewe alikuwa ameyaosha na kuyaegemeza ukutani.

Ili kuelewa inabidi uijue nyumba ile. Pale kila kitu kilianikwa. Mtama ulianikwa, majani ya kunde yalianikwa, viazi vitamu vilikatwa vipande vikaanikwa vikawa michembe ya kula wakati wa njaa. Godoro lilianikwa, vitabu vyangu vya shule vilianikwa nikiwa mdogo kwa sababu vilinuka unyevu. Kwa mama, jua lilikuwa sanduku la akiba. Kitu ulichokithamini ulikipeleka juani kabla hakijaharibika.

"Mama! Umefanya nini?"

"Nimekuanikia. Ulikuwa mbichi. Kitu kibichi ukikifungia kwenye nailoni kinaoza, na mzigo mbichi ni mzito."

Nilipiga kelele. Sikumbuki yote niliyosema, ila nilisema kwa sauti ambayo mtoto haitumii kwa mama yake, na majirani wakatoka. Mama alinitazama tu, fimbo mkononi. Mwenzangu alilisogelea jamvi lile la msiba wetu, akachuchumaa, akachota udongo kidogo ukapita katikati ya vidole vyake. Nilijua naye anataka kulia. Lakini alikuwa mtani, na mtani ana wajibu wake.

"Mnyamwezi!" akasema. "Umeanika mshahara wangu kama michembe!"

Majirani wote wakacheka, na ikawa imekwisha, kwa sababu watu wakishacheka utani huwezi kuendelea kugomba bila kuonekana mshamba. Nilikwenda kukaa ndani ya gari, nikafunga vioo katika joto lile, nikalia kwa hasira. Shimo lilikuwa limefukiwa, gari lilikuwa la watu wengine kesho, na ruhusa ya kuchukua mabomba mengine isingepatikana mpaka kiangazi kingine.

Kabla ya magharibi mama alikuja akagonga kioo.

"Kwa hiyo udongo haukusema?"

"Haujasema, mama. Tutachukua mwingine mwakani."

"Basi nakaa mpaka mwakani," akasema, na akaenda kufungia kuku.

Kaka nilipompigia simu aliniuliza nimesoma miaka mingapi kushindwa kulinda udongo usianikwe. Nilimkatia simu. Lakini ahadi ilikuwa ahadi. Mama alisema udongo ndio utakaomtoa, na udongo ulikuwa haujasema.

Mwaka ule nilimpigia simu mara nyingi kuliko miaka yote iliyotangulia. Nilitegemea kumkuta mnyonge, anasubiri. Nilimkuta ana shughuli. Alikuwa anatengeneza matuta ya majaruba. Nilimuuliza anatengeneza ya nini na hakuna maji, akasema tuta lililobomoka linatia aibu hata kama jaruba ni kavu. Alipanda mtama kidogo nyuma ya nyumba ukakubali. Alikwenda kufyeka makaburi ya wazazi wake. Alihudhuria harusi ya kijiji cha jirani na akanieleza kila kilicholiwa. Alinitumia mfuko wa michembe kwa kondakta wa basi, pamoja na ujumbe kwa mtani wake: mshahara wake umeshakauka, aje auchukue. Mwenzangu aliucheka ujumbe huo kazini wiki nzima.

Katikati ya maneno yake, hata hivyo, nilikuwa nasikia kifua. Mwanzoni kikohozi kilikuwa mwishoni mwa kicheko. Baadaye kikawa katikati ya sentensi. Nikimuuliza anasema ni vumbi tu, litaisha mvua ikinyesha. Mvua ikanyesha kidogo, vumbi likatulia kidogo, kikohozi hakikutulia. Mimi ninayejua vumbi linavyojipanga chini ya mto, safu juu ya safu bila kurudi nyuma, nilikuwa nalisikia likijipanga ndani ya mama yangu kwa simu. Nilimwambia aende mjini akapimwe. Aliniambia nikamilishe kwanza kazi yangu.

Kiangazi kilipofika tulirudi. Safari hii mama hakuja na ndoo yake shimoni. Alikaa mlangoni na kanga mbili mabegani katika jua lile, akatuangalia kwa mbali, na mwenzangu alipomtania alijibu kwa mkono. Tulichukua mabomba kutoka tabaka lile lile. Tuliyaweka tena chini ya kitanda chake, na nilikuwa tayari kulala nayo, lakini mama alisema nisijisumbue, hatayagusa. Hakuyagusa. Asubuhi niliyakuta kama nilivyoyaacha, na mama amelala juu yake macho wazi.

Matokeo huchukua miezi. Kabla hayajatoka, mama alianguka jikoni. Jirani alimpigia kaka simu, kaka akakodi gari akaenda akamchukua. Hakuuliza udongo wala mtu. Hospitali walisema ni mapafu, wakampa dawa, na baada ya muda wakaturudishia mgonjwa wetu nyumbani kwa maneno ya upole ambayo tuliyaelewa. Kaka akamjengea chumba uani, chenye dirisha kubwa, kwa sababu vyumba vya ndani vya nyumba ya baba ni vya giza na mama alikuwa akiomba hewa.

Majibu ya maabara yaliponifikia nilipanda treni kwenda Tabora. Kaka alinipokea stesheni kwa bajaji ya rafiki yake, na njiani, akitazama mbele, akaniambia jambo. Alikuwa ameiezua nyumba ya kijijini. Nyumba tupu kule haimalizi mwezi, alisema, wezi wangebeba kila kitu, na bati siku hizi si mchezo. Ameyaleta mabati ya mama na milango yake, na ndiyo yaliyoezeka chumba anacholala.

"Usimwambie kwanza," akasema. "Anasema akipona anarudi. Acha aseme."

Nilitaka kugomba. Halafu nikaona mikono yake. Ilikuwa imekatwakatwa na kingo za bati, majeraha yameanza kukauka, na nikajua alikuwa amepanda yeye mwenyewe juu ya paa lile, bila fundi, kung'oa msumari mmoja mmoja.

Mama alikuwa amelala chali. Alikuwa mdogo sana. Nilimshika mkono, nikamwamkia, akaitikia, na swali lake la kwanza lilikuwa kama wanatupa chakula kazini. La pili lilikuwa majibu.

"Yametoka, mama."

"Yale ya mara ya pili."

"Ndiyo. Ya kwanza si uliyaanika."

Akaanza kucheka. Kicheko kilimgeukia kikawa kikohozi, nikamwinua, nikamshika mgongo mpaka kikapita. Alipopata pumzi aliniambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekueleza chumvi iko wapi.

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba jua linausahaulisha. Mtani wangu alipiga kelele siku nzima, na mimi nimeshika kitambaa. Ningeachaje kujua?"

Niliona tena mkeka ule, udongo umesambazwa vizuri, fungu kwa fungu, na mama na fimbo yake. Alikuwa ametumia kazi ambayo hakuna mtu angeitilia shaka mikononi mwake.

"Uso wako ulikuwa unajua jibu kabla ya mabomba," mama akasema. "Nilikuona ulipoliweka lile vumbi kwenye meno. Na mimi nilikuwa nimeahidi mbele ya kaka yako. Nikasema, basi udongo usahau kwanza. Nipate mwaka mmoja."

"Mama, mwaka ule ndio uliokuharibu kifua."

"Najua. Nilikaa kwangu."

Nililia, na yeye akaniacha nilie bila kunibembeleza. Nilimlilia yeye na nilijililia mimi, kwa sababu nilikuwa nimesafiri na jibu zito nikidhani bado halijamfikia, kumbe alikuwa ameshalikataa kitambo, kwa macho yake wazi, na alikuwa amelipa. Nilimkasirikia. Nilimkasirikia na nilimpenda kwa pamoja.

Baadaye akasema, "Haya, sasa niambie. Hakuna cha kuanika hapa."

Nikamwambia. Lile vumbi lilikaa zaidi ya umri wa mtu, na zaidi ya umri wa wajukuu wake. Watu walizaliwa wakazeeka wakafa ndani ya unene ule bila kuuona mto.

"Kisha ukarudi."

"Ukarudi, mama."

"Bila mtu kuusubiri."

"Sikuona dalili ya mtu."

Nje, kaka alikuwa anamtafutia mteja mnyororo, nikasikia vyuma vikigongana dukani. Mama aliinua macho, akayatembeza taratibu juu kwenye mabati ya paa, kutoka ukuta hadi ukuta, na hapo nikagundua kwamba hakuwa anatazama tu. Alikuwa anakagua.

"Lile lenye masizi lilikuwa juu ya meko yangu," akasema. "Na lile lenye matundu mawili ya msumari ni la chumbani. Tulipolipigilia fundi alikosea mara ya kwanza."

Nikayatazama mabati pamoja naye.

"Kaka yako ameezua nyumba yote, au ni upande wa jikoni tu?"

"Yote, mama."

"Na mlango?"

"Na mlango."

"Angeniuliza," akasema. Ndiyo mara pekee nilipomsikia akilalamika katika ugonjwa ule wote. "Ningekubali, lakini angeniuliza."

Kisha akaniomba nimgeuze aelekee ukutani, asiyaone mabati. Nikamgeuza.